Miaka 40 ya Sleng Teng na Somo kwa Shieywe

Mwaka 2025 mdundo wa dansiholi uitwao Sleng Teng ulitimiza miaka 40. Anayeuliza sherehe ya Kingston, Jamaika, inatuhusu nini sisi wa Shieywe, mjini Kakamega, hajapanda matatu zetu zinazopiga dansiholi Jumamosi jioni.

Mdundo wenyewe ulizaliwa kwa bahati. Mwimbaji Wayne Smith na mwenzake Noel Davey waliukuta umehifadhiwa ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40. Aliyeutunga ni Okuda Hiroko, Mjapani aliyeipenda rege tangu akiwa mwanafunzi wa muziki. Mtayarishaji King Jammy akaupunguza kasi, Smith akaimba "Under Mi Sleng Teng", na kufikia 1985 dansiholi ilikuwa imebadilika. Kijana asiye na bendi wala pesa ya kukodi wapiga ngoma alipata pa kuanzia.

Hata hivyo, tunachosherehekea si wimbo mmoja. Jammy hakuufungia mdundo ule kabatini. Tenor Saw aliuimbia "Pumpkin Belly", Johnny Osbourne akauimbia "Buddy Bye", na baada yao wengine wengi, kila mmoja na maneno yake na maringo yake. Mdundo ukawa mali ya wote, nao wakashindana kwa ufundi wa sauti.

Utaratibu huo Waisukha na Waidakho wa hapa Kakamega wanaujua tangu zamani. Isukuti, dansi yao ya jadi, ina ngoma tatu: kubwa ni baba, ya kati ni mama, ndogo ni mtoto. Pembe na njuga zikijibu, mwimbishaji hupachika maneno yanayofaa harusi, matanga au mchezo wa mpira, na umati ukaitikia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Rege ya Jamaika ilitambuliwa 2018. Tuliitangulia rege kwa miaka minne, ila yetu iliingia kama mgonjwa mahututi: wazee wanaoijua wanapungua, warithi hawaonekani, na hadhira inapendelea burudani ya kisasa.

Wapo wanaoilaumu dansiholi kwa hali hiyo. Sisi tunaona dansiholi inatuonyesha dawa. Wenye studio Kakamega wazirekodi ngoma zile tatu kwa usafi, kila moja kivyake, kisha wawaachie vijana waziimbie watakavyo, kwa Kiluhya, Kiswahili au Sheng. Serikali ya kaunti igharamie vifaa, na shule ziwaite wazee wafundishe wakiwa bado na nguvu. Zaidi ya yote, wapiga ngoma waandikwe majina na walipwe, kwa maana Okuda alikaa miaka mingi bila kujulikana na wengi waliocheza kazi yake.

Hongera Sleng Teng. Na wewe msomaji mwenye studio, anza na wazee walio karibu nawe, mwezi huu huu.