Kabla ya kumlipia mbwa bima, fikiria meno yake

Nairobi imebadilika. Zamani mbwa alikuwa wa kulinda lango, analala nje, anakula mabaki ya ugali, na akiugua anangojewa apone ama afe. Siku hizi mbwa analala ndani ya keja ya chumba kimoja kule Roysambu, ana jina la mwanasoka, na kwenye Instagram ana wafuasi kumshinda mwenyewe. Si vibaya. Lakini mbwa akishakuwa mtu wa nyumbani, bili zake pia huwa za mtu wa nyumbani, na hapo ndipo ajenti wa bima anapobisha mlango.

Bima ya mbwa ipo Kenya, ingawa kampuni zinazoiuza ni chache na vijana wengi hawajawahi kuisikia. Rafiki yangu wa Ruaka alitumiwa bei kwenye WhatsApp juzi, akanipigia simu: "Buda, nilipe ama hii ni kunyonywa tu?" Jibu nililompa lilikuwa refu kuliko alivyotaka, na nafikiri kuna wengi wenye swali kama lake.

Msimamo wangu ni huu. Kwa kijana wa kawaida anayefuga mbwa mjini, bima ya matibabu ya mbwa haifai pesa inayoitishwa. Bima ya kukukinga wewe mwenyewe mbwa wako akimuuma mtu, hiyo inafaa, na ndiyo hakuna anayeiulizia.

Kuna wale watakaosema bima ya mnyama ni mambo ya wazungu. Ni kweli kule Uswidi walianza kuwalipia mbwa bima tangu 1924, na Marekani mbwa wa kwanza kupewa bima mwaka wa 1982 alikuwa Lassie, yule wa televisheni. Lakini hapa kwetu wafugaji wa Marsabit walikuwa na bima ya mifugo tangu 2010, ile inayotumia setilaiti kupima nyasi: malisho yakikauka kupita kiasi fulani, mfugaji analipwa. Kwa hivyo wazo si geni. Shida ni kwamba mbwa si ng'ombe.

Ng'ombe ana bei. Akifa, kila mtu sokoni anajua amekufa na shilingi ngapi. Bima nyingi za wanyama zimejengwa juu ya hesabu hiyo: mnyama akifa kwa ajali ama akiibwa, unalipwa thamani yake sokoni. Sasa chukua mbwa wa rafiki yangu. Aliokotwa akiwa mdogo kando ya barabara, mama yake hajulikani, baba yake ndio kabisa. Thamani yake sokoni ni sufuri. Hakuna anayeweza kukuuzia wala kukununulia. Lakini akivunjika mguu, bili ya kumtibu ni ile ile ya German Shepherd aliyenunuliwa maelfu ya pesa. Kwa hivyo ukisoma karatasi ya bima na sehemu kubwa inazungumzia kifo na wizi, jua unalipia hasara ambayo wewe huna. Unayoiogopa ni bili ya daktari, na hiyo huwa ina kipengele chake, kikomo chake, na masharti yake.

Hebu tupige hesabu. Bei hutofautiana, kwa hivyo hizi ni tarakimu za mfano tu. Tuseme unaitishwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 18,000. Mbwa anaugua homa ya kupe, bili inakuja 8,000. Mkataba unasema shilingi 5,000 za kwanza za kila dai ni zako mwenyewe. Bima inakurudishia 3,000, tena baada ya kujaza fomu, kupeleka risiti na kungoja. Ugonjwa wa aina hiyo ungetakiwa kumpata mbwa wako mara sita kwa mwaka ndipo pesa yako irudi, na mbwa anayeugua mara sita kwa mwaka hahitaji bima, anahitaji kunyunyiziwa dawa ya kupe.

Najua wenye bima watasema bima haikununuliwa ili irudishe pesa. Wako sawa. Bima ni ya lile jambo moja kubwa ambalo huwezi kulimudu. Kwa hivyo swali la kweli ni: mambo makubwa yanayowapata mbwa wa mjini ni yapi, na bima inalipa mangapi kati ya hayo?

Kwanza ni parvo. Virusi hivi huwatapisha na kuwaharisha damu watoto wa mbwa, na wanaweza kufa kwa siku chache. Chanjo yake ipo. Huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa hadi afikishe wiki kumi na sita, na kosa la wengi ni kuchoma sindano ya kwanza halafu kupotea. Ukimlipia bima mbwa ambaye hakumaliza chanjo, usishangae dai la parvo likikataliwa. Pili ni kupe na magonjwa yao. Tatu, kwa mbwa jike, usaha kwenye kizazi, ambao ukichelewa ni upasuaji wa dharura. Akitolewa kizazi mapema ugonjwa huo haumpati. Nne ni ule uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa wakipandana, ambao mbwa wanaoachiliwa kuzurura mtaani huupata kwa urahisi. Na bima kwa kawaida haikulipii chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe wala kuhasi.

Umeona mtego? Pesa ambazo zingemwokoa mbwa wako ndizo bima haitoi. Kijana mwenye 1,500 za ziada kwa mwezi akizipeleka kwa ajenti, mara nyingi chanjo inarukwa kwa sababu "mbwa ana bima." Hapo umelipia mwavuli ukauza paa.

Mimi ningefanya hivi. Mwaka wa kwanza, chanjo zote, dawa ya kupe bila kuruka, na kuhasi. Kinachobaki kinaenda kwenye akiba iliyofungwa kwenye simu, ile ambayo huwezi kuichomoa Ijumaa jioni wasee wakiita. Baada ya miaka miwili ya 1,500 kwa mwezi una 36,000, na mbwa asipougua hizo pesa bado ni zako. Udhaifu wa mpango huu nauona: mbwa akigongwa na bodaboda mwezi wa tatu, una 4,500 tu mkononi. Lakini bima nayo huwa na muda wa kungoja kabla ya kuanza kulipa, hasa kwa magonjwa, kwa hivyo miezi ya mwanzo ni ya kumshika mbwa kamba vizuri, uwe na bima ama usiwe nayo.

Kuna watu ambao ningewaambia walipe. Kama ulinunua bulldog, yule wa pua iliyobonyea, unajua anavyopumua. Kama ni German Shepherd, nyonga zake zinaweza kukusumbua baadaye. Hapo bima ya matibabu ina maana, lakini uliza neno moja kabla ya kutuma pesa: magonjwa ya kurithi yamo ama hayamo? Yakiwa nje, basi umeuziwa karatasi. Uliza pia umri. Kampuni nyingi hazimpokei mbwa mzee, na ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba haulipwi.

(Kando kidogo: nawajua vijana ambao wao wenyewe wana SHA pekee, wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi huku wakilalamika, halafu wanatafuta bima ya kibinafsi ya mbwa. Siwacheki. Lakini ukilazwa wewe, nani atamlisha huyo mbwa?)

Sasa tuje kwa meno.

Tunaishi tumebanana. Ploti moja ina familia ishirini, ngazi moja, lango moja, watoto wanacheza kwenye korido ile ile mbwa wako anapopitia kwenda haja. Mbwa mpole kabisa akikanyagwa mkia na mtoto wa miaka minne anaweza kuuma. Hapo ndipo maisha yako yanabadilika kwa sekunde mbili. Jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mbio hospitalini, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Chanjo baada ya kuumwa si sindano moja, ni msururu wa sindano kwa majuma kadhaa, na jeraha baya linahitaji dawa nyingine juu yake. Ongeza kushona, ongeza siku ambazo mama ya mtoto hakuenda kazini. Uso ukiachwa na kovu, familia inaweza kwenda kortini kudai fidia, na korti haitajali kwamba wewe ni mtu wa mshahara wa mwezi.

Bili ya mbwa wako mwenyewe, hata iwe mbaya namna gani, ina mwisho. Unaweza kuomba daktari akupe wiki mbili, unaweza kuchangisha kwa marafiki. Bili ya mtoto wa jirani haina mwisho unaoujua, na huwezi kuipangia akiba ya 1,500 kwa mwezi. Hiyo ndiyo hasara ambayo bima iliundwa kwa ajili yake.

Kwa hivyo ajenti akikupigia, usianze na matibabu. Muulize: mbwa wangu akimuuma mtu, mnalipa hadi kiasi gani? Ndani ya ploti na nje kwenye barabara, ama mahali pamoja tu? Mgeni wangu na mfanyakazi wangu wamo? Na kama tayari una bima ya vitu vya nyumbani, isome tena kabla ya kununua nyingine. Bima hizo mara nyingi huwa na sehemu ya madhara kwa watu wengine, na unachotaka kujua ni kama mbwa ametajwa, amo ama ameondolewa. Jibu liwe kwa maandishi. "Hiyo iko tu, usijali" si jibu.

Halafu kuna kadi ya chanjo, ile ndogo ambayo wengi huitupa kwenye droo pamoja na risiti za gesi. Hakikisha imepigwa muhuri na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na sindano ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka. Ipige picha ujitumie kwa barua pepe. Ajenti ataiitisha siku ya dai, na siku jirani akiumwa, daktari wa zamu ataiulizia kabla hujafunga mlango.