Kisicho na Jina Hakirudishwi

Mwezi wa Oktoba 2023, vifuko vya rojo la matufaha lenye mdalasini, chakula cha watoto kilichotengenezwa Ecuador, viliondolewa madukani nchini Marekani. Watoto wanne wa jimbo la North Carolina walikuwa wamekutwa na risasi nyingi katika damu. Mdalasini uliopimwa kiwandani ulikuwa na miligramu 2,270 hadi 5,110 za madini hayo katika kila kilo. Hatimaye watoto zaidi ya 500 walihesabiwa kuwa wameathirika au wamedhaniwa kuathirika.

Magome ya mdalasini huo yalitoka Sri Lanka yakiwa safi. Wakaguzi waliona kwamba yamkini sumu iliingia katika kusagwa, kwa kutiwa kromati ya risasi, unga wa manjano unaong'arisha rangi na kuongeza uzito.

Sisi wa Unguja, tunaolima mdalasini na kuuuza Darajani, hatuwezi kusema kwamba hayo ni ya wenzetu. Watoto wetu hununua ubuyu mwekundu, achari na kashata milangoni mwa skuli. Hatudai kwamba vitu hivyo vina sumu. Tunachosema ni kwamba risasi haionekani kwa macho, huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linatamka kuwa hakuna kiwango chake kilicho salama.

Marekani iliweza kuvirudisha vifuko vile kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na jina la chapa na namba yake. Je, ubuyu uliofungwa katika karatasi tupu utarudishwa na nani, na kwa nani?

Mama anayepika ubuyu nyumbani kwake asifanywe mkosaji. Yeye naye hununua rangi na viungo vilivyokwisha kusagwa, bila ya kujua vilikotoka. Ukaguzi uanze juu, kwa waingizaji wa rangi na wenye mashine za kusaga. Bangladesh ilifanya hivyo mwaka 2019: wauzaji wa manjano yenye risasi walitozwa faini, na umma ukaelezwa. Sampuli zenye risasi, zilizokuwa 47 katika kila 100, hazikuonekana tena mwaka 2021.

Kwa hiyo tunaishauri Serikali mambo mawili. Kwanza, Wakala wa Chakula na Dawa na Taasisi ya Viwango zipime mara kwa mara rangi na viungo vya unga sokoni, na matokeo yatangazwe kwa wananchi. Pili, watengenezaji wadogo wasaidiwe kuandika jina, mahali na tarehe katika kila pakiti, bila ya kutozwa ada watakazoshindwa kuzilipa.

Visiwa hivi vimejijengea jina duniani kwa viungo vyake. Jina hilo halitakuwa na maana ikiwa hatuwezi kuwahakikishia watoto wetu wenyewe usalama wa kile wanachokinunua kwa fedha zao za skuli.