Ukakamavu Haujengwi kwa Siku Moja

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwa vijana, na hata miongoni mwa baadhi ya wakufunzi, kwamba ukakamavu wa askari hupatikana kwa kumkimbiza kuruta hadi aanguke katika juma lake la kwanza. Sisi tunaovaa sare twasema wazi kuwa dhana hiyo ni potofu, tena ni ya hatari.

Msuli ni mfano wa kikosi kilicho mstari wa mbele: hauwezi kupigana bila ya kupelekewa mahitaji. Njia za mahitaji hayo ni kapilari, yaani mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele, ambamo chembe nyekundu hupita moja moja zikibeba oksijeni. Bwana August Krogh wa Denmark alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kueleza jinsi mwili unavyoitawala mishipa hiyo.

Msuli utumikapo mara kwa mara, damu iendayo kwa kasi husugua kuta za mishipa, nyuzi za msuli hunyooshwa, na oksijeni hupungua. Mambo hayo huuchochea mwili uchipushe kapilari mpya. Mwaka 1977 wataalamu Andersen na Henriksson walieleza kwamba baada ya majuma 8 ya mazoezi ya baiskeli, kapilari katika misuli ya paja ziliongezeka kwa kiasi cha asilimia 20.

Ni majuma 8, wala si siku 8! Kuruta akilazimishwa kupita uwezo wake, nyuzi za misuli zaweza kuvunjika, mabaki yake yakaingia katika damu na kuharibu figo. Hapo taifa hupoteza askari kabla adui hajaonekana. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wako watakaosema kwamba vita havingoji. Ni kweli, na ndiyo sababu maandalizi yapasa kuanza mapema. Kijana anayetaka kujiunga na jeshi na aanze leo kukimbia kijijini kwake, akizidisha mwendo kidogo kidogo. Mkufunzi naye asiifupishe ratiba kwa kutafuta sifa. Na sisi tukaao maofisini tukumbuke kwamba msuli uliolala hupoteza kapilari zake. Cheo begani hakizirudishi.