Kupotea Njia Ndiko Kujua Njia

Mkoa wetu wa Katavi unatazamana na nchi inayoendesha ofisi zake kwa Kifaransa. Kati ya Karema na Moba hakuna mpaka mwingine ila maji ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2022 ujenzi wa bandari ya Karema ulikamilika. Mwezi Julai wa mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wakuu wa nchi, katika mkutano wao wa Arusha, wakaridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kijana wetu aliyesoma Kifaransa kwa miaka minne akikutana na mgeni kutoka ng'ambo, hutazama chini akanyamaza. Maneno anayo, lakini ulimi hauthubutu. Juu ya ulimi huo ndipo tunapotaka kusema leo.

Wapo watakaotuuliza: Kifaransa cha nini, na wenzetu wa Kalemie na Moba wanasema Kiswahili kama sisi? Swali hilo ni la haki. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, nasi tunajivunia kwamba mfanyabiashara wa Mpanda anaweza kukubaliana bei ya gunia la mchele na mwenzake wa Moba bila mkalimani. Lakini bei ikishakubaliwa huja karatasi. Ankara, hati ya forodha, cheti cha afya na barua ya ofisi, vyote huko ng'ambo huandikwa kwa Kifaransa. Sokoni tunasimama sawa, lakini mbele ya meza ya karani tunakuwa mabubu. Mtu anayetia sahihi karatasi asiyoweza hata kuiulizia swali amejifunga kwa kamba asiyoiona. Faida ya jasho la mkulima wa Katavi haifai kupotelea katika pengo hilo.

Basi kunyamaza huku kunatoka wapi? Sisi tunaona chanzo chake ni haya, na haya hiyo imefundishwa. Mwanafunzi huijua lugha kwanza kama mtihani wa kalamu, ambamo kila kosa hupigwa mstari mwekundu. Siku anapofumbua kinywa, wenzake huangua kicheko. Tena iko kasumba tuliyoachiwa na ukoloni, ya kuifanya lugha ya kigeni kuwa kipimo cha ubora wa mtu, hata anayeikosea akaonekana mshamba. Palipo na kasumba hiyo, mwenye akili huona heri kunyamaza kuliko kuaibika. Hivyo darasa zima huhitimu likijua kuandika lugha lisiyoweza kuisema.

Tungependa kuwakumbusha vijana jambo moja ambalo likieleweka litaondoa nusu ya hofu yao. Karani wa Kalemie, naye, hakunyonya Kifaransa katika maziwa ya mama yake. Nyumbani alikuta Kiswahili, au Kitabwa, au lugha nyingine ya wazee wake. Kifaransa alikipata shuleni, kwa jasho, kama wewe. Wakikutana Karema, Mtanzania na Mkongo ni wanafunzi wawili wa lugha moja, mmoja akiwa ametangulia madarasa machache. Hakuna aliye mwenye nyumba, wala hakuna sababu ya mmoja kubisha hodi kwa kutetemeka.

Wala lugha hiyo si ngeni katika pwani yetu. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji, mtumishi wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alijenga kituo Karema, na mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Hatusahau matokeo ya tamaa ya mfalme huyo kwa ndugu zetu wa Kongo. Lakini Karema ilimpata pia Adrien Atiman, Mwafrika aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kifaransa hakikuwa lugha ya mama yake. Alikifanya chombo cha kazi, kama mkulima anavyofanya jembe, na hakuna mgonjwa aliyepona kwa sababu tabibu alitamka kama mtu wa Paris.

Tazameni pia mtoto wa chuo cha Kurani. Tangu siku ya kwanza husoma kwa sauti. Akikosea, mwalimu humrudisha, naye husema tena palepale, wenzake wote wakisikia. Wao hawamcheki, kwa kuwa kila mmoja ana zamu yake ya kurudishwa. Kwa njia hiyo watoto wa vijijini kwetu, ambao hawajapata kumwona Mwarabu, hutamka herufi ngumu za koo bila woga. Sauti huja kwanza, na ujasiri huja nyuma yake. Mwenye kungoja ujasiri ndipo aseme atangoja mpaka uzeeni.

Woga mwingine hauna msingi hata kidogo. Wanafunzi hulalamika kwamba Kifaransa hugawa majina ya vitu katika jinsi mbili, ya kiume na ya kike. Lakini sisi ambao tangu utoto husema kiti kimevunjika, mti umevunjika na meza imevunjika, tena bila kufikiri, tutatishwaje na makundi mawili? Wengine hufadhaika wanapomsikia Mkongo akitaja sabini kuwa septante na tisini kuwa nonante, ilhali kitabu chao kutoka Ufaransa kinasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Hapo hakuna aliyekosea. Kongo ilipokea hesabu ya Wabelgiji. Afadhali kijana wa Katavi aijue mapema hesabu ya jirani atakayefanya naye biashara.

Ni wajibu wetu sote kuchukua hatua. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unakiweka Kifaransa katika masomo ya hiari. Basi palipo na mwalimu wa somo hilo, kila kipindi kianze kwa kusema kabla ya kuandika, na kicheko cha dharau kipigwe marufuku. Vijana wa bandarini waanze na maneno ya kazi yao: uzito, bei, siku, mzigo, ugonjwa. Maneno hamsini yanayosemwa kila siku yana faida kuliko elfu moja yaliyolala daftarini. Aidha, Katumba na Mishamo wako raia wenzetu waliokuja kutoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Miongoni mwa wazee wao wamo waliosomeshwa kwa Kifaransa kabla ya kukimbia. Ni nani amepata kuwaalika darasani? Viongozi wa Chama na Serikali katika kata hizo wanaweza kulifanya jambo hilo bila kungoja fungu la fedha kutoka juu.

Hatusemi kwamba tukiache Kiswahili, ambacho ndicho nguzo ya umoja wetu. Tunasema kwamba mtu aliyesimama imara juu ya lugha yake hana sababu ya kuogopa lugha ya jirani. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Vijana wa Katavi na waseme, wakosee, wasahihishwe, na waseme tena. Meli zinazotia nanga Karema hazitawangoja mpaka sarufi yao ikamilike.