FIDIA SI SADAKA



Atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa njia kuu huupanda mlima Kitonga, na akishaumaliza hufika Ilula, mji mdogo wa Mkoa wa Iringa unaosifika kwa tungule na vitunguu. Biashara yake imeegemea barabara. Mchana na usiku malori yaendayo Tunduma, Zambia na Kongo hupita mbele ya matenga ya tungule na mbele ya watoto wa watu. Hatari ya njia ile inajulikana. Machi 11, 2015, huko Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Waliokufa huzikwa na kuombolezwa. Leo tunawasemea wale wanaobaki hai na viungo vilivyovunjika.

Sharia ya Bima ya Magari, Sura ya 169 ya sharia za Tanzania, hairuhusu gari kutiwa barabarani pasi na bima ya kuwalinda watu wengine, ile ambayo watu huiita bima ndogo. Mwenye gari huilipa kabla gurudumu halijazunguka. Gari la Zambia nalo huja na Kadi ya Njano ya COMESA kwa jambo hilo hilo. Basi fedha ya majeruhi imekwisha kulipwa zamani, hata kabla hajavunjika mguu. Kampuni impapo fidia haimpi mali yake, inamrudishia amana.

Jee, ndivyo inavyokuwa? Tuchukue mfano wa mpakiaji wa matenga aliyegongwa na lori. Yuko kitandani, goti limesagika, mkewe ameuza mbuzi kununua dawa. Wiki ya pili anaingia bwana mmoja mwenye mkoba na kalamu. Sauti yake laini, pole zake nyingi. Anatoa hati ya malipo ya mwisho pamoja na noti ambazo mgonjwa hajapata kuzishika kwa pamoja maishani mwake. "Tia sahihi hapa, mambo yaishe." Na kweli yanaisha, kwa kampuni. Kwa mgonjwa ndiyo kwanza yanaanza. Daktari hajasema kama goti litakunjika, wala yeye hajui kama atabeba tenga tena. Na haki yake ya kudai zaidi amekwisha kuitoa kwa kalamu ya kuazima.

Mabwana wa bima watajibu kwamba hakuna aliyelazimishwa. Jee, njaa si shuruti? Asiyejua thamani ya dai lake hakukubali bei. Amepunjwa kwa adabu. Watasema pia kwamba yapo madai ya uongo. Yapo, na mwongo ashtakiwe. Walakin uongo wa wachache hauwi hoja ya kuwadhulumu wakweli.

Sharia inampa majeruhi haki ya kudai gharama za matibabu, mapato aliyoyapoteza na atakayoyapoteza, maumivu na ulemavu. Inampa miaka 3 ya kufungua shauri. Mahkama ikimhukumu mwenye gari, kampuni iliyopewa taarifa hubeba malipo. Sharia ya Bima ya 2009 imeweka hata Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Yote hayo ni mazuri. Lakini Msuluhishi yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Ilula. Na ofisi ya Nyanda za Juu Kusini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 upande wa pili. Mwenye magongo aelekee wapi?

Na hapa ndipo penye kiini cha dhulma. Dola imeweka askari wa kulisimamisha gari na kuitazama bima yake. Asiyelipa bima hushtakiwa. Lakini kampuni isipomlipa majeruhi, ni majeruhi anayetakiwa kuitafuta. Katika kukusanya, sharia inakimbia. Katika kulipa, inachechemea.

Kwa hivyo tunataka mambo matatu:

Kwanza, hati ya malipo ya mwisho iliyotiwa sahihi kabla daktari hajaandika hali ya mwisho ya jeraha isihesabiwe kitu.

Pili, polisi wampapo majeruhi PF3 wampe na jina la kampuni ya bima ya gari lililomuumiza, bila ya kuombwa.

Tatu, kampuni ikishapata khabari ya ajali, yenyewe ndiyo impelekee majeruhi fomu ya dai, isingoje kutafutwa.

Na nyinyi wa Ilula, na nyinyi wa visiwani mnaopita njia ile kwa biashara zenu: ziandikeni nambari za gari, tunzeni nakala ya PF3, wekeni risiti ya kila dawa, wala msitie sahihi karatasi msiyosomewa mkaifahamu.

Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu wa Ilula lori limekwisha kumnyonga. Jee, haki yake iko wapi?