Lori Kimya Ndilo la Kuogopwa



Natoa maoni yangu kuhusu malori makubwa yapitayo huku kwetu Ngara na Biharamulo.

Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, kilometa 92, haina usiku wala mchana. Mizigo ya Rwanda hupita hapo, na ya Burundi hukata kwenda Kabanga. Shule ninayofundisha ipo kando ya mteremko. Katika mkutano wa kijiji baadhi ya wananchi wenzangu walidai madereva wakatazwe ile ngurumo ya "tratratra" wanayoitoa wakishuka, kwamba inaamsha watoto wachanga na kuvuruga masomo. Kuvuruga inavuruga, sibishi. Mara nyingine huniacha nimeshika chaki mpaka lori lipite. Lakini hoja ile niliipinga, na bado naipinga.

Ngurumo ile ni breki ya injini. Katika injini ya dizeli pistoni hubana hewa kwa nguvu nyingi, na kwa kawaida hewa hiyo huisukuma pistoni irudi chini, hivyo nguvu iliyotumika hurudishwa. Dereva akiwasha breki hii, vali za ekzosi hufunguka pistoni inapokaribia kufika juu, hewa ikatoka kwa kishindo, na nguvu ile ikapotea. Injini sasa inayazuia magurudumu badala ya kuyasukuma. Mmarekani Clessie Cummins ndiye aliyeibuni, baada ya lori alilopanda kushindwa kusimama katika mteremko wa Cajon, California, mwaka 1931, likakosana kidogo tu na treni. Iliingia sokoni mwaka 1961.

Tupige hesabu ya darasani. Lori lenye ekseli saba huruhusiwa kufikia tani 56. Likishuka mita 100 za wima, uzito huo hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji baridi. Dereva anayetumia breki za miguu peke yake hulipeleka karibu joto lote kwenye ngoma za magurudumu. Zikishika moto breki hulegea, naye hukanyaga pedali asipate kitu.

Basi ndugu zangu, lori la kuogopwa ni lile linalokuja kimya. Wapo madereva wanaoweka gia nyutro mteremkoni ili wabakize dizeli, na sote tunajua dizeli hiyo huishia kwenye madumu. Hata hesabu yao ni ya kujidanganya. Gari likishuka likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, pampu hukata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa nyutro, injini lazima iendelee kunywa ili isizimike. Tena katika nyutro breki ya injini haifanyi kazi hata kidogo, wala dereva akikanyaga klachi.

Hata hivyo chombo hiki kina masharti yake. Gia ndogo ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, maana katikati ya mteremko gia inaweza kukataa kuingia na gari likabaki huru. Injini isiachwe izunguke kupita kiasi kilichowekwa na mtengenezaji. Breki za miguu zikanyagwe kwa nguvu kiasi mpaka mwendo upungue, kisha ziachiwe zipoe, si kuzikalia njia nzima. Na jambo ambalo vijana wengi hawafundishwi: breki ya injini hushika magurudumu yanayoendeshwa na injini tu. Mvua ikinyesha, hasa tela likiwa tupu, magurudumu hayo yanaweza kuteleza, tela likasukuma kichwa na gari zima likajikunja kama kisu cha mfukoni. Penye utelezi izimwe, na mwendo upunguzwe mapema zaidi.

Naiomba TANROADS iweke juu ya kila mteremko mkali, ukiwemo wa kushukia daraja la Rusumo, kibao cha kumwambia dereva aingize gia ndogo hapo hapo. Wenye malori nao wapime mafuta kwa haki, kwani dereva anayekatwa mshahara kwa kila lita ndiye atakayejaribu nyutro.

Kuhusu usingizi wa watoto, tulichotakiwa kujadili siku ile ni meza za ndizi na mananasi zilizopangwa chini ya mteremko, upande ule ule wa kona ambako gari lililokosa breki litaelekea. Zihamishwe mita mia mbili mbele, penye tambarare. Nimeshampa mwenyekiti wa kijiji ajenda hiyo kwa maandishi, nasubiri tarehe ya mkutano.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ngara, Kagera.