Milima Iliyoumbuliwa

Mtoto wa Kiswahili hujua kauli ya kutendua kabla hajalisikia jina lake darasani. Aliyefunga mlango ataufungua, aliyeziba mtungi atauzibua, aliyekunja mkeka ataukunjua. Kwa kanuni hiyo hiyo kuumba kumezaa kuumbua. Ila hapa kuna uzito mwingine. Mlango uliofunguliwa unabaki mlango, na mkeka ukikunjuliwa ndipo unapofaa kukaliwa. Kilichoumbuliwa kimenyang'anywa sura yake. Enzi za ndui, aliyepona akabaki na makovu uso mzima, ugonjwa ulisemwa umemwumbua.

Kutoka usoni neno likahamia kwenye heshima. Dar es Salaam na Unguja leo, kuumbuka ni kuaibika hadharani: mwizi aliyekutwa na kuku wa jirani ameumbuka, na mgombea aliyezomewa kwa ahadi zake za uongo ameumbuka pia. Maana hii ndiyo inayopamba vichwa vya habari, hata ile ya kwanza imeanza kusahaulika. Ni hasara, kwa sababu kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, ni hiyo ya kwanza inayosema kweli.

Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, ni mji uliokua kando ya dhahabu ya Namoya. Wabelgiji waliichimba tangu miaka ya 1930. Ikafuata Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, kisha Banro ya Kanada, iliyoanza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016. Mwendamboko, Kakula na Muviringu ni majina ya mahali. Kwenye michoro ya kampuni yakawa majina ya mashimo.

Mgodi wa wazi hukata kilima kutoka juu, ngazi baada ya ngazi. Mawe husagwa, yakarundikwa, yakamwagiwa maji yenye sianidi ili dhahabu ijitenge. Kinachobaki si kilima wala si bonde. Taarifa za kampuni hukiita maendeleo, na viongozi nao hulirudia neno hilo wakija kuzindua mradi. Kiswahili kina neno la haki kuliko hilo: ardhi imeumbuliwa.

Wachimbaji wa mikono, wenye sururu na makarai, nao wameumbua. Wamefukua mashimo yao, wakakamata vumbi la dhahabu kwa zebaki na kuichoma zebaki hiyo moshi ukiwapita puani. Haifai kuwaficha. Lakini mchimbaji wa sururu hulala karibu na shimo lake, na maji anayoyachafua ndiyo ambayo watoto wake watakunywa. Adhabu yake inamfikia bila hakimu. Mwenye hisa aliye ng'ambo ya bahari haimfikii kamwe.

Julai 2019 watu wenye silaha waliwateka wafanyakazi wa mgodi huo, na Septemba mwaka huo huo Banro ikasimamisha kazi kwa kukosa usalama. Baadaye mgodi ukauzwa. Wenye mali wanapokezana. Wanaoishi na mashimo ni wale wale.

Sheria haikuwasahau watu hawa. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inamtaka mwenye mgodi atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5, na katika kila faranga 100 za mrabaha huo, 15 ni za utawala wa mahali mgodi ulipo. Kanuni za madini zinadai pia dhamana ya fedha ya kuirekebisha ardhi, na amri ya Mei 2011 inataka mikataba ya maliasili ichapishwe ndani ya siku 60. Yote hayo yameandikwa kwa Kifaransa. Sokoni Salamabila bei hukatwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya 2006 imeitaja miongoni mwa lugha nne za taifa.

Hapo maana ya pili inapata kazi njema. Uovu nao huumbuliwa: hutolewa gizani ukaonekana ulivyo. Mkataba ambao mama muuza mihogo hawezi kuusoma umejengewa ukuta, hata kama umechapishwa, na kampuni iliyoacha shimo wazi haiwezi kuona aibu mbele ya watu wasiojua ilichoahidi.

Kwa hiyo serikali ya jimbo huko Kindu iwaambie watu wa Salamabila, kwa Kiswahili na kwenye mkutano wa hadhara, dhamana ya Namoya ni kiasi gani, imewekwa wapi, na baada ya mgodi kuuzwa ni nani anayewajibika kufukia mashimo yaliyokuwapo. Fungu la asilimia 0.3 nalo lisomwe mwaka kwa mwaka, pamoja na shule au zahanati lililojenga. Mwenye mgodi awepo mkutanoni, aulizwe na kujibu.